Ukisema "nina stresi", unasema nini hasa?

Saa mbili usiku meseji inaingia kwenye simu, imetoka kwa bosi: "Kesho asubuhi ukifika pitia ofisini kwangu." Basi. Hakuna salamu, hakuna sababu. Hebu angalia kinachofuata hapo: moyo unaanza kwenda mbio, tumbo linakaza, chakula kinakosa ladha, unarudia kila ulichofanya wiki nzima unatafuta kosa, saa nane usiku bado macho makavu yanatazama dari. Na hakuna kitu kilichotokea. Hujafukuzwa, hujagombezwa, kuna maneno sita tu kwenye kioo cha simu.

Asubuhi yake ukimuuliza mtu huyo ana nini atakwambia "nina stresi". Mwanafunzi mwenye asaimenti tatu za kukabidhi Ijumaa naye ana stresi. Mtu ambaye hajalala vizuri miezi minne na haoni tena maana ya kuamka, stresi. Aliyekwama kwenye foleni, stresi. Anayemchukia tu bosi wake, stresi. Neno limekuwa kama kabati ambalo kila kitu kinatupiwa humo halafu siku ukitafuta kitu hukipati. Na hapa ndipo roho inaniuma, maana madhara yake ni makubwa: mtu anayehitaji daktari anaambiwa apumzike kidogo, anayehitaji kupunguziwa kazi anaambiwa ana tatizo la akili, na mwingine anaambiwa ni mvivu au hana imani. Kwa hiyo tulifungue hilo kabati taratibu, tutoe kimoja kimoja.

Kwanza tutenganishe kile kinachokusonga na kule kusongwa kwenyewe. Mtihani, dedlaini, deni, bosi mkali, mgonjwa nyumbani, hivyo ni vichocheo, viko nje yako. Msongo, yaani stresi yenyewe, ni kile kinachotokea mwilini na kichwani pale unapoona unachodaiwa ni kikubwa kuliko ulichonacho. Naomba ushike hapo, unachodaiwa na ulichonacho, kama mizani ya pande mbili, maana karibu kila nitakachosema huko chini kinatoka kwenye mizani hiyo.

Mtu aliyeliingiza neno hili kwenye mambo ya mwili ni Hans Selye, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha andiko fupi sana kuhusu panya wake wa maabara. Aliwaweka kwenye baridi, wengine aliwajeruhi, wengine akawachosha kwa mazoezi, wengine akawapa sumu kidogo kidogo, halafu alipowapasua akakuta mabadiliko yaleyale kwa wote: tezi zilizo juu ya figo zimevimba, tezi ya kinga kifuani imesinyaa, tumbo lina vidonda. Adha tofauti, jibu la mwili moja. Selye akasema mwili unapita hatua tatu, unashtuka, unavumilia, na kama adha haiishi unachoka mpaka unaishiwa. Kabla yake Walter Cannon wa Marekani alishaeleza mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia ukiona hatari.

Kinachofanyika ndani ni hivi. Kichwa kikiona hatari, adrenalini inamwagika ndani ya sekunde chache, moyo unapiga kwa nguvu, pumzi inaongezeka, damu inapelekwa kwenye misuli. Dakika kadhaa baadaye inapanda homoni nyingine inaitwa kotisoli, kazi yake kubwa hapo ni kuhakikisha sukari ipo ya kutosha kwenye damu ili usiishiwe nguvu katikati ya mapambano. Mimi napenda kulifananisha na mkopo. Mwili unachukua hela ya matengenezo, yaani kusaga chakula, kuponya vidonda, kupambana na vijidudu, usingizi, unaipeleka kwenye dharura. Ukikopa leo ukalipa kesho hakuna shida, na wala sio ugonjwa, ndivyo tulivyoumbwa. Shida ni kukopa kila siku bila siku ya kulipa.

Na sio maneno tu, matengenezo kweli yanasimama. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichukua wanafunzi 11 wa udaktari wa meno wakawatoboa kakidonda kadogo, milimita 3.5, kwenye kaakaa. Mara ya kwanza wakati wa likizo. Mara ya pili, mwanafunzi yuleyule, upande wa pili wa kaakaa, siku tatu kabla ya mtihani mkubwa. Kila siku wanafungua mdomo, kidonda kinapigwa picha na kupimwa. Cha wakati wa mtihani kilichukua wastani wa siku tatu zaidi kupona, ni kama asilimia 40 zaidi, na hakuna hata mmoja kati ya wale 11 ambaye kidonda chake cha kipindi cha mtihani kilipona haraka kama kile cha likizo. Ni watu wachache, sawa, lakini fikiria, mdomo uleule, mtu yuleyule, kilichobadilika ni kalenda. Miaka saba kabla yake, 1991, Sheldon Cohen na wenzake walitoa utafiti ambao watu waliojitolea walidondoshewa virusi vya mafua puani, na kadiri mtu alivyokuwa na msongo mwingi kabla ya hapo ndivyo alivyokuwa na uwezekano mkubwa wa kushikwa na mafua. Kwa hiyo mtu akikwambia kila mitihani ikikaribia anaumwa usimcheke.

Sasa turudi kwenye kabati, maana kuna vitu vitatu humo ambavyo sio stresi ingawa vinafanana nayo. Wasiwasi: stresi mara nyingi ina kitu unachoweza kukinyooshea kidole, na kitu hicho kikiisha na yenyewe inashuka, lakini wasiwasi unabaki hata mtihani ukishapita, au unakuja kabla ya kitu ambacho hata hakipo. Sonona: huu ni ugonjwa, na dalili zake kubwa ni huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, kula kubadilika, kujiona hufai, mwili kuwa mzito. Sonona haiondoki kwa wikiendi moja ya kupumzika, na kumwambia mtu wa sonona "jikaze" ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu atembee atazoea.

Cha tatu ni ule uchovu wa kazi uliopitiliza. Herbert Freudenberger aliandika kuhusu huo mwaka 1974 baada ya kuuona kwa watu wanaojitolea kwenye kliniki, akiwemo yeye mwenyewe, halafu Christina Maslach akatengeneza namna ya kuupima. Una sura tatu: umeishiwa nguvu kabisa, umeanza kuichukia au kuidharau kazi na hata watu unaowahudumia, na unajiona hakuna cha maana unachofanya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuelezea kwenye orodha yake ya magonjwa, na watu wengi wakatangaza eti sasa umekuwa ugonjwa rasmi. Hapana. Shirika lenyewe lilisema wazi kwamba ni hali inayohusiana na kazi, inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa ipasavyo, na halikuiita ugonjwa. Naona tofauti hiyo ni ya muhimu sana kwa sababu ukishasema ugonjwa, mtu anapewa dawa akiwa nyumbani na kazi iliyomfikisha hapo inabaki vilevile inamsubiri.

Haya, tumeshajua stresi ni nini na sio nini, swali gumu zaidi ni kwanini watu wawili wanapata jambo moja mmoja analala fofofo na mwingine anakesha. Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kazi yao ya mwaka 1984, walisema kichwa kinajiuliza maswali mawili, mara nyingi bila wewe kujua. La kwanza: hiki kitu kinanihusu, kinatishia chochote ninachokijali? La pili: nina nini cha kukikabili? Chukua wanafunzi wawili wenye mtihani mmoja Jumatatu. Mmoja ameshapitia maswali ya nyuma, ada imelipwa, na akifeli kuna mtu wa kumwambia pole jaribu tena. Mwingine anafanya kazi usiku ili alipe chumba, amekosa vipindi vinne, na nyumbani wameshaambiana kwamba huyu ndiye atakayewatoa. Karatasi ni ileile, maswali ni yaleyale. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ila hapa kuna kosa moja kubwa ambalo watu wanalifanya na linaniudhi kweli. Wakisikia "inategemea unavyolichukulia jambo" wanarukia kusema basi stresi ni mambo ya kichwani tu, badilisha mtazamo. Swali la pili halihusu mtazamo peke yake, linahusu vitu vya kweli kabisa: muda, hela, usingizi, ujuzi, watu wa kukusaidia. Yule wa pili hakosei hesabu anapojiona hana vya kutosha. Kweli hana.

Kwa muda mrefu watu walidhani unaweza kupima msongo wa mtu kwa kuhesabu tu yaliyompata. Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe walitoa orodha ya matukio 43, kila moja na alama zake, kufiwa na mwenzi 100, talaka 73, kuoa au kuolewa 50, mpaka likizo ikapewa 13. Ilisaidia kuonyesha kwamba hata mambo ya heri yanamtaka mtu ajipange upya na hilo lina gharama. Lakini orodha haiwezi kujua kama talaka yako ilikuwa msiba au ilikuwa ukombozi. Ndio maana mwaka 1983 Cohen na wenzake walikuja na dodoso ambalo linatumika sana mpaka leo, lenyewe halikuulizi nini kimekupata, linakuuliza mwezi uliopita ni mara ngapi ulivurugwa na jambo usilolitegemea, mara ngapi uliona mambo makubwa ya maisha yako hayako mikononi mwako, mara ngapi uliona yamerundikana mpaka huyawezi. Kutotabirika, kutokuwa na usemi, kuzidiwa. Mzigo mkubwa kumbe ni kimoja tu kati ya vitatu, na hivi viwili vingine ndivyo tunavyovisahau.

Tuanze na kutotabirika, maana kina jibu la ile meseji ya bosi. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwapa watu 45 mchezo wa kompyuta: kuna mawe, wewe kisia kama chini ya jiwe kuna nyoka au hakuna, nyoka akiwepo unapigwa shoti ya umeme mkononi, inauma kweli. Uwezekano wa nyoka ulikuwa unabadilikabadilika, na wao wanapima jasho na mboni za macho. Wengi tungetegemea aliye na hakika ya kupigwa shoti ndiye angekuwa na hali mbaya zaidi. La. Msongo ulifika juu kabisa pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu, yaani kutojua kama utaumia kulisonga watu kuliko kujua kwa uhakika kwamba utaumia. Sasa soma tena: kesho asubuhi ukifika pitia ofisini kwangu. Hiyo ni nusu kwa nusu safi.

Kutokuwa na usemi nako kulipimwa zamani kidogo, mwishoni mwa miaka ya 1960, na David Glass na Jerome Singer. Waliwaweka watu kwenye chumba wakawapigia kelele kali zinazokuja bila mpangilio huku wanafanya kazi. Baadhi yao walioneshwa kitufe, wakaambiwa ukishindwa kabisa bonyeza kelele zitakoma, ila tungependa usibonyeze. Wengi hawakubonyeza. Kwa hiyo kelele walizosikia ni zilezile walizosikia wasio na kitufe. Lakini baadaye, kelele zikiwa zimeisha, waliokuwa na kitufe walivumilia muda mrefu zaidi kwenye mafumbo magumu na walikamata makosa mengi zaidi kwenye maandishi waliyopewa kuhakiki. Kitufe ambacho hakikuguswa! Kuwa nacho tu, kujua kwamba ukitaka unaweza, kulibadilisha kile ambacho kelele ziliwaachia.

Nje ya vile vitatu kuna na kitu kingine ambacho kila mwanafunzi aliyewahi kutetea kazi yake mbele ya walimu anakijua, kutazamwa na kuhukumiwa. Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitengeneza jaribio mwaka 1993 ambalo sasa linatumika duniani kote kuwaletea watu msongo kwa makusudi. Unaingia chumbani, mbele yako kuna jopo, wamekaa na makoti meupe, hawatabasamu, hawatikisi kichwa, kamera inakurekodi. Ongea dakika tano ujieleze kama unaomba kazi. Ukimaliza, anza 1,022 urudi nyuma kwa kutoa 13 kila mara kwa sauti, ukikosea anza upya. Hakuna anayekugusa wala kukutukana, na bado kotisoli inapanda kwa watu wengi. Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya tafiti 208 za aina hii wakaona kwamba kinachopandisha kotisoli zaidi ni pale mambo mawili yanapokutana, jambo huliwezi kulidhibiti na watu wanakutazama wakupime thamani yako. Mimi nikisoma hapo nawaza mwalimu anayemsimamisha mtoto mbele ya darasa zima ajibu asilolijua, au kikao ambacho makosa ya mtu mmoja yanasomwa mbele ya wote. Watu wanaita ni kumkomaza.

Tukija kazini, kuna imani iliyoenea kwamba wenye stresi kubwa ni wakubwa, mkurugenzi, meneja, kwa sababu wana maamuzi mazito. Uingereza walianza mwaka 1967 kuwafuatilia wanaume kama 18,000 wafanyakazi wa serikali, wote wana ajira, wote wana ofisi, kuanzia wakuu mpaka matarishi na walinzi wa milango. Wa daraja la chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo takriban mara tatu zaidi ya wa daraja la juu. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Mwaka 1985 Michael Marmot na wenzake wakaanza awamu nyingine, watu 10,308, safari hii na wanawake, na kitu kimoja kilichojitokeza sana ni usemi juu ya kazi yako, yaani kama una uamuzi wowote wa namna ya kuifanya, lini, kwa kasi gani. Waliokuwa na usemi mdogo walipata magonjwa ya moyo zaidi. Hilo linakubaliana na alichosema Robert Karasek mwaka 1979, kwamba kazi inayochosha mtu zaidi ni ile yenye madai makubwa na usemi mdogo. Madai makubwa ukiwa na usemi, mtu anaweza hata kuyafurahia. Ni tafiti za kufuatilia watu, haziwezi kuthibitisha chanzo kama maabara, na umaskini nao umo humo ndani, lakini zinarudi upande uleule na kitufe kile. Mkurugenzi ana kelele nyingi, ana na kitufe. Mtu wa kupokea simu anayehesabiwa dakika za kwenda chooni hana.

Masaa nayo yana hesabu yake. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2021 walikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunaendana na hatari kubwa zaidi ya kiharusi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, na kwamba mwaka 2016 vifo kama 745,000 vilihusiana na masaa hayo marefu.

Sasa imani nyingine chache ambazo lazima nizitaje. Vidonda vya tumbo: karibu kila mtu anakwambia vinaletwa na mawazo. Vingi vinaletwa na bakteria anaitwa Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni zikitumiwa sana. Barry Marshall wa Australia mwaka 1984 alikunywa hao bakteria mwenyewe tumbo lake likavimba ndani, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Panya wa Selye walipata vidonda kweli, na msongo unaweza kuongezea ubaya, lakini mwenye vidonda anatakiwa apimwe, sio aambiwe apunguze mawazo halafu arudi nyumbani na bakteria wake.

Halafu kuna ile "usiwaze". Daniel Wegner na wenzake mwaka 1987 waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, akikujia kichwani gonga kengele. Kengele ziligongwa tu. Na walipoambiwa baadaye sasa mnaruhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzoni. Kwa hiyo ukimwambia mwenzio asiwaze umemuongezea kazi ya pili juu ya ile aliyonayo.

Na ile kwamba msongo kidogo ni mzuri unachangamsha akili. Ina ukweli wake, ila ule mchoro wa mlima unaooneshwa kwenye semina, kwamba ukizidi kidogo unafanya vizuri ukizidi sana unashuka, asili yake ni Robert Yerkes na John Dodson, mwaka 1908, walikuwa wanawafundisha panya wachague kisanduku sahihi kwa kuwapiga shoti. Kuuchukua huo mchoro ukahalalishe kumrundikia mfanyakazi dedlaini, naona ni kuwaonea wote wawili, mfanyakazi na panya.

Haya, mtu afanye nini. Lazarus na Folkman waligawa njia za kukabili msongo katika makundi mawili makubwa, kulishughulikia jambo lenyewe, na kushughulikia hisia ambazo jambo limekuletea. Hakuna iliyo bora siku zote, na hapa ndipo wengi tunajichanganya, tunatumia moja mahali pa nyingine. Mwanafunzi ameshafanya mtihani, matokeo yatatoka wiki mbili zijazo, anafungua ukurasa wa matokeo mara ishirini kwa siku. Hapo hakuna cha kushughulikia, jambo limeshatoka mikononi, kinachobaki ni kuutuliza moyo, kulala, kucheza mpira, kuongea na watu. Mwingine ana asaimenti hajaianza, anavuta pumzi ndefu, anasikiliza muziki wa kutuliza, anapanga meza. Huyo anatuliza moyo wakati jambo liko mezani linamsubiri, angeandika hata aya moja mbovu ingemsaidia kuliko pumzi mia. Pombe na kuperuzi simu usiku kucha vinatuliza kweli kwa muda, ila vinakula usingizi, na usingizi ndio siku ya kulipa ule mkopo.

Kwa wanafunzi kuna vitu vidogo ambavyo vimejaribiwa. Gerardo Ramirez na Sian Beilock mwaka 2011 waliwapa wanafunzi dakika kumi kabla ya mtihani waandike kwa uwazi hofu zao kuhusu mtihani huo, na wale wenye hofu kubwa walifanya vizuri zaidi. Ni kinyume kabisa cha "usiwaze", hofu ikishakaa kwenye karatasi haihitaji kushikiliwa kichwani. Mwaka 2010 Jeremy Jamieson na wenzake waliwaambia baadhi ya watu wanaojiandaa na mtihani wa kuingia masomo ya juu kwamba moyo kwenda mbio hauharibu, unaweza hata kusaidia, na walipata alama nzuri zaidi za hesabu kuliko wasioambiwa. Na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts wakiwa na watu 120 waliona kwamba waliojifunza kwa kujiuliza, yaani unafunika daftari unajaribu kukumbuka, kumbukumbu zao hazikuporomoka walipowekwa kwenye msongo, wakati waliosoma tu kwa kurudiarudia walisahau zaidi. Kama unakumbuka kila kitu chumbani halafu ukiingia kwenye mtihani kinayeyuka, jaribu hiyo kwanza kabla hujajiita mjinga.

Kwa wafanyakazi nitasema wazi zaidi. Ofisi nyingi zikisikia stresi zinaleta semina, programu ya simu ya kupumua, mafunzo ya ustahimilivu. Mwaka 2024 William Fleming wa Oxford alichapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 kwenye mashirika 233 ya Uingereza, akawalinganisha walioshiriki mambo hayo na wasioshiriki, na hakuona walioshiriki wakiwa na hali nzuri zaidi, isipokuwa waliopewa nafasi ya kujitolea kusaidia wengine. Haimaanishi kupumua hakufai, kama kunakusaidia endelea. Inamaanisha huwezi kumfundisha mtu kuogelea vizuri huku unazidi kufungulia maji. Bosi anayejua hili anaanza na mizani: apunguze kinachodaiwa, au aongeze muda, watu na usemi, aseme mapema nini kinakuja, na akimkosoa mtu amkosoe faragha.

Na wewe mwenyewe kama usingizi umepotea wiki kadhaa, kama furaha imekauka hata kwenye mambo uliyoyapenda, kama unatumia pombe au vidonge ili ufike jioni, basi hapo tumeshatoka kwenye stresi ya kawaida, nenda kwa daktari au mshauri wa saikolojia. Kama mawazo ya kujidhuru au kwamba heri usingekuwepo yanakujia usisubiri kesho, mwambie mtu leo hii na mwende hospitali pamoja. Na ukiwa wewe ndiye unayeambiwa, usianze kutoa ushauri, kaa naye, msikilize, muulize moja kwa moja. Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo kichwani, na wengi wanapata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza.

Ile meseji ya bosi nayo ingeweza kuandikwa hivi: "Kesho saa tatu pitia ofisini kwangu dakika kumi, tupange ratiba ya mwezi ujao, hakuna tatizo. Kama saa tatu haikufai niambie." Kuiandika kunachukua nusu dakika zaidi. Ina sababu, ina muda, ina na kitufe, na huyo mtu analala.